Umeme wa nyumba ya kupanga: nani katumia uniti ngapi?

Habari za kazi. Tuko wapangaji watano na LUKU, mita ya kulipia umeme kabla, ni moja. Kila mmoja anachanga sawa. Mwenzetu mmoja anagandisha barafu za kuuza, mimi nina taa, redio na chaji ya simu. Tukimwomba aongeze, anasema friji lake dogo halili umeme. Tufanyeje? (Mpangaji, Mbagala)

Ndugu mpangaji, ubishi huu hauishi kwa kuhesabu vichwa wala balbu. Unaisha kwa kupima. Kila chumba kifungiwe submita yake, yaani mita ndogo ya ndani, na zote zikae baada ya mita ya LUKU na swichi kuu, upande wa mwenye nyumba. Lakiri (sili) za TANESCO, shirika la umeme, haziguswi. Kazi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwenye nyumba aridhie kwanza.

Submita ya fezi moja ya kufunga kwenye reli ya boksi la breka inatosha. Chagua inayoonyesha uniti kwa desimali na isiyo na kitufe cha kurudisha hesabu kwenye sifuri, maana hicho kitaleta ugomvi mwingine. Kila chumba kiwe na breka yake, ya ampia 20 kwa waya wa milimita za mraba 4. Skrubu za mita zikazwe sawasawa, kwa sababu waya uliolegea hupata moto na kuunguza mita.

Usomaji ufanyike siku moja na saa moja kwa mita zote, LUKU ikiwemo, mkiwa angalau wawili. LUKU huonyesha uniti zilizobaki, kwa hiyo matumizi yake ni salio la mwanzo, ongeza zilizonunuliwa, toa salio la mwisho. Tuseme mlianza na 12, mkanunua 160, zikabaki 22: mmetumia 150. Submita zinasoma 18, 20, 22, 25 na 55, jumla 140. Zile 10 zilizopungua ni taa za nje na matumizi mengine ya pamoja. Gawaneni sawa, mbili mbili, na mkubaliane hivyo kabla ya mwezi kuanza.

Bei ya uniti ichukuliwe kwenye risiti: shilingi zilizolipiwa umeme, pamoja na kodi na tozo zake, gawanya kwa uniti. Kwa mteja wa T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292, na ukiongeza VAT asilimia 18, REA (tozo ya umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA asilimia 1, inafika takriban 356. Wa uniti 18 atalipa 20 × 356, yaani 7,120. Muuza barafu atalipa 57 × 356, yaani 20,292. Mkigawana sawa kila mtu angetoa 10,680, kwa hiyo mwenye taa na redio angekuwa anamlipia mwenzake biashara.

Mimi ni mwenye nyumba. Nimefunga submita sita lakini jumla yake haifanani na LUKU, inapungua uniti 30 hadi 40 kila mwezi. Wapangaji wananishuku. (Mama mwenye nyumba, Mwanza)

Mama, anza na pampu ya maji. Ya kilowati 0.75 ikifanya kazi saa moja kwa siku ni uniti 22 hivi kwa mwezi, na mara nyingi imeunganishwa kabla ya submita zote. Nayo ifungiwe mita yake.

Kisha zima breka za vyumba vyote na za matumizi ya pamoja, uangalie taa ndogo inayopepesa kwenye LUKU. Ikiendelea kupepesa, kuna njia iliyosahaulika au umeme unavuja ukutani. Zima na swichi kuu: ikipepesa bado, tatizo liko kati ya mita na swichi, na hapo ni kazi ya TANESCO.

Jaribio la tatu ndilo hufichua mengi. Washa breka ya chumba kimoja tu, upite vyumba vyote ukijaribu taa na soketi. Kwenye nyumba zilizoongezewa vyumba kidogo kidogo, si ajabu kukuta soketi ya chumba cha tatu inalishwa na cha pili. Hapo jumla haipungui, ila mmoja analipa cha mwenzake bila hata mmoja wao kujua. Waya huo utenganishwe.

Rafiki yangu mwenye LUKU inayojitegemea ananunua uniti kwa bei ya chini kuliko sisi. Kwa nini? (Mpangaji, Dodoma)

Yuko kwenye D1, kundi la bei la matumizi madogo, ambalo ni la nyumba zisizozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Uniti moja ni shilingi 100, na pamoja na makato ni 122. Zote 75 ni 9,150. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato, yaani 427.

Hapa ndipo mita ya pamoja inapomuumiza mwenye matumizi madogo. Watano wanaotumia 30 kila mmoja wanaonekana kwenye mfumo kama mteja mmoja wa uniti 150, na mteja huyo ni wa T1. Uniti zako 30 zinakugharimu 10,680 badala ya 3,660. Submita inagawa haki ila haishushi bei, kwa hiyo mwenye nyumba akikubali, ombeni TANESCO mita tofauti kwa kila chumba. Tukiulizwa, tungeanza na hilo.

Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021 ni mzigo wa mwenye nyumba. Tunza risiti umkate kwenye kodi ya pango. Mita zikiwa nyingi kwenye jengo moja, mwenye nyumba afuatilie isikatwe mara mbili.

Naweza kupima kifaa kimoja bila submita? (Msomaji, Tanga)

Ndiyo. Zima vingine vyote, hesabu mipepeso ya LUKU kwa dakika moja, zidisha kwa 60, kisha gawanya kwa namba iliyoandikwa kwenye mita kabla ya "imp/kWh". Mipepeso 10 kwenye mita ya 1000 ni kilowati 0.6. Njia hii inafaa pasi, hita na jagi la umeme. Friji huwaka na kuzima lenyewe, hivyo dakika moja itakudanganya. Tumia mita ya kuchomeka kwenye soketi na uiache saa 24 kamili.