Jibu: Kujitolea kwenye utafiti wa ukuaji wa watoto wachanga

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa mwaka wa pili asiye na uzoefu anaweza kujitolea kwenye utafiti wa watoto wachanga, na kama kazi yenyewe ni kucheza nao tu. Unaweza, tena omba mapema. Ila kucheza ni sehemu ndogo sana.

Kazi kubwa ni video. Mtoto mchanga huwezi kumhoji, kwa hiyo tangu enzi za mwanasaikolojia Robert Fantz, miaka ya 1960, watafiti hupima anaangalia nini na kwa muda gani. Utakaa kwenye kompyuta, sauti umeizima, ukisogeza picha moja moja na kuandika pale macho yalipogeuka. Mwenzako ataipima video hiyo hiyo bila kuona majibu yako, kisha mnalinganisha. Mkitofautiana sana, mnarudi kwenye mafunzo. Na ni vizuri usijue mtoto alikuwa kundi gani la utafiti, maana ukijua utaanza kuona unachokitarajia.

Mengine ni kuwapigia wazazi simu na kusafisha vitu vya kuchezea. Miadi hufuata usingizi na kunyonya kwa mtoto, si ratiba yako ya vipindi. Akilia, mnasimamisha, hata kama data inapotea. Hilo kwangu halina mjadala.

Kama uko Kenya, tafuta kusoma kuhusu kipimo cha ukuaji kilichotengenezwa Kilifi. Halafu mwandikie mhadhiri mmoja, utaje kazi yake uliyoisoma na saa unazoweza kutoa kwa wiki.