Mkate wa kumimina wa bibi kwenye oveni ya fleti

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni mtu wa Chake Chake, nimeolewa Unguja na tunakaa fleti za Michenzani. Marehemu bibi aliniachia daftari lenye mkate wake wa kumimina: mchele kibaba kimoja, nazi mbili, sukari kikombe na nusu, hiliki, ute wa mayai mawili, hamira "kiasi". Chini ameandika tu: roweka, saga, umua, oka moto wa juu na chini. Yeye alikuwa na jiwe la kusagia na jiko la makaa. Mimi nina blenda, jiko la gesi na oveni ya umeme. Wangu unatoka mgumu chini, katikati umeshikana, matundu hakuna. Nimezidisha hamira mara mbili, nikatia na bekingi pauda, hali ni ileile, ila sasa una na harufu. Kwenye simu nimemwona mtu anapalia makaa juu ya mfuniko huku sufuria iko kwenye gesi. Na mimi nijaribu?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. La makaa nitalifikia, ila kwa leo usijaribu.

Tuanze na hamira, maana hapo ndipo karibu kila mtu anapopotelea. Ikiingia Shaabani simu yangu hainyamazi: mkate umekaa dongo, niongeze hamira kiasi gani? Hakuna anayeuliza moto, hakuna anayeuliza mchele. Mkate ukiharibika hamira ndiyo inayobebeshwa lawama, na dawa yake eti ni hamira nyingine juu yake.

Rojo lako halikukosa hamira. Limeumuka, likafika juu, likarudi chini, wewe ukalikuta limelala ukadhani halijaanza. Jiko la fleti wakati wa kaskazi linakaa nyuzi 30 au zaidi, na kwa joto hilo rojo lenye hamira ya wastani linajaa mara mbili kwa muda wa saa moja hivi. Ukizidisha hamira, unarudi kutoka kuoga na shughuli imekwisha. Liangalie vizuri: lililozidi kuumuka lina vipovu vidogo vinavyopasuka juu juu, linatoa maji pembeni, na linanuka kama tembo la mnazi lililolala. Hiyo ndiyo harufu unayoilalamikia, na bekingi pauda imeongezea yake.

Ngano husamehe mambo haya. Unga wa ngano ukikandwa unafanya utando unaovutika, na hewa inabaki ndani hata ukichelewa kidogo. Mchele hauna utando huo. Hewa ya hamira inashikwa na uzito wa rojo peke yake, pamoja na ule ute wa yai ambao watu wengi siku hizi wanauruka kwa kuona ni madoido ya wazee. Ute unakaza mapema kwenye moto na kusaidia kushikilia kuta za matundu. Bibi yako hakuuandika kwa kupamba daftari.

Kwa hiyo usipime kwa saa, pima kwa macho. Chota rojo kidogo utie kwenye glasi nyembamba iliyonyooka, ifike nusu, chora mstari kwa kalamu pale lilipoishia, uiweke glasi ubavuni mwa bakuli. Likikaribia kuwa mara mbili, moto uwe tayari. Wakati wa kipupwe litachukua muda zaidi, na ni sawa.

Kuhusu lile neno "kiasi": hamira waliyokuwa nayo wazee wengi ni ile ya chenga, ya kuloweka kwenye maji ya vuguvugu na sukari mpaka itoe povu. Ya pakiti ndogo, laini, inayotiwa moja kwa moja, ina nguvu zaidi. Mahali pa kijiko kimoja cha ile ya zamani, robo tatu ya hii inatosha. Umechukua kipimo cha hamira ya chenga, ukatia hii ya pakiti, halafu ukazidisha mara mbili.

Na bekingi pauda iondoe kabisa. Inaanza kufanya kazi pale inapoloa, kwa hiyo katika rojo linalosubiri kuumuka sehemu ya nguvu yake imeshakwenda kabla ya moto. Magadi ni mabaya zaidi, mkate unageuka manjano na kuonja sabuni. Wanaouza "siri" hizi kwenye simu hawaonyeshi mkate ukikatwa. Tazama vizuri, unaonyeshwa juu tu, umepakwa samli unang'aa, halafu picha inahama.

Blenda. Jiwe lilisaga mchele uliochujwa kwa matone ya tui. Blenda haizunguki bila maji, basi mtu anaongeza, tena anaongeza, mpaka rojo linakuwa maji ya wali. Rojo jepesi halishiki hewa hata kidogo. Pima tui lako mwanzo, na usage kwa hilohilo tu, kwa mafungu madogo. Zima kila baada ya dakika moja, shika jagi kwa nje. Likiwa na joto la kukukera mkono, pumzisha. Hamira inaanza kufa kwenye nyuzi 55 hivi, na blenda iliyosagishwa mfululizo inaweza kulipasha rojo moto kuliko unavyodhani. Ndiyo maana hamira itie ukishamaliza kusaga, rojo likiwa limepoa. Kujua kama umesaga vya kutosha, weka tone kati ya kidole gumba na cha shahada, usugue. Ukisikia chenga, rudisha. Chenga zinazama chini wakati wa kuumua, na ndizo zinazokupa ule ugumu wa chini unaousingizia moto.

Mchele uwe mkavu, wa nafaka ndefu, uroweke saa sita hadi nane. Kama ni usiku wa joto, bakuli likalale ndani ya friji, maana mchele na maji katika joto letu huchacha. Mchele mpya unaonata utakupa mkate unaonata. Unga wa mchele wa pakiti, sahau. Umesagwa mkavu, unakunywa maji kwa namna yake, na hakuna kipimo cha daftari kitakachokubaliana nao.

Tui la boksi linafaa. Lile zito lipunguze, vikombe viwili vya tui kwa kimoja cha maji, ndipo upime. Ukilitia zito tupu, mafuta yanalilemea rojo.

Sasa moto, ambao ndio jibu la swali lako hasa. Wazee waliweka makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na hilo lilikuwa na sababu. Wanga wa mchele unakaza kati ya nyuzi 65 na 80. Ukipika kwa moto wa chini peke yake, tabaka la chini linakaza na kuungua huku la juu bado ni uji, na hewa inapanda kupitia huo uji inatoka zake. Ukija kuiva katikati, hakuna hewa iliyobaki, ndipo panaposhikana. Makaa ya juu yalikuwa yanaukutanisha mkate na moto pande mbili, hewa ingali ndani. Oveni yako ya umeme ina waya wa juu na wa chini. Unacho tayari unachokitafuta kwa makaa.

Kibaba ni robo ya pishi, kwa mchele kinakaribia gramu 680. Hicho ni kipimo cha mikate miwili. Oka nusu kwanza: mchele gramu 340 (upime mkavu), tui mililita 320, sukari gramu 150, ute wa yai moja, hiliki iliyotwangwa sasa hivi, hamira ya pakiti kijiko cha chai kimoja kisichojaa. Sufuria iwe ya bati nzito, upana wa sentimita 20, mikono isiwe ya plastiki. Sukari usiitie mwanzo. Sukari nyingi inavuta maji na kuichelewesha hamira, na rojo linalegea. Subiri glasi ikwambie limeumuka, ndipo utie sukari na ute, koroga taratibu upande mmoja, liache dakika kumi au kumi na tano lijikusanye tena.

Wakati linajikusanya, oveni iwe inawaka nyuzi 200, juu na chini, feni imezimwa. Feni inakausha uso wa mkate kabla haujapanda, na mkate uliokauka uso unapasuka ubavuni badala ya kufungua matundu. Weka sufuria kwenye gesi, tia mafuta kijiko kimoja cha kulia, yazungushe mpaka yapande kingo. Yakipata moto, mimina. Usikie mchirizo mdogo pembeni. Kama kimya, sufuria ilikuwa baridi. Kama kelele, umezidisha, ipue kidogo. Punguza gesi mpaka mwisho, acha dakika tatu au nne. Utaona ukingo unakaza upana wa kidole na vitundu vya mwanzo vinafunguka juu. Hapo hapo ingiza oveni, rafu ya kati, shusha nyuzi 180. Dakika 25 hadi 30. Ukitaka rangi ya makaa, malizia na waya wa juu peke yake dakika mbili, na usiondoke, hata mlango ukigongwa. Kijiti kikitoka kikavu, umeiva. Uache upoe ndani ya sufuria robo saa kabla ya kupindua, maana wanga bado unakaza, na ukikatwa moto utadhani ni mbichi.

Jambo dogo: oveni nyingi za nyumbani zinasema uongo kwa nyuzi 10, 20. Kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni ni rahisi kuliko mchele utakaoumwaga.

Nimerudi kwenye makaa. Sina ugomvi na makaa. Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, kisiwa kikakaa miezi mitatu hivi bila umeme, wanajua nani alikula mkate na nani alikaa na oveni yake imepoa. Lakini yale yalikuwa makaa ya uani. Makaa yanayowaka katika jiko la fleti yanatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, analegea, anapata kichefuchefu, anasema ni uchovu wa saumu, anajilaza. Watu hawaamki. Kufungua dirisha moja si kinga ya kutegemea. Sasa juu ya hapo ongeza huyo bwana wa kwenye simu: makaa mekundu juu ya mfuniko, chini yake moto wa gesi, pembeni mpira wa gesi. Kaa moja likidondoka likalala juu ya mpira, mkate hautakuwa habari tena. Na kama sufuria yake ni ya rangi nyeusi isiyogandisha, ile rangi ikipita nyuzi 260 inaanza kuoza na kutoa moshi wenye madhara, na makaa yanafika huko bila shida.

Mtu huyo ana wafuasi, ana taa nzuri, ana sauti ya upole. Hana kosa moja alilowahi kulieleza. Na ndio mtindo siku hizi kwa kila kitu cha zamani: visheti vya dakika kumi, halua bila kukoroga, sambusa za manda zisizopikwa kwanza, mkate wa kumimina "bila kusubiri". Wanachukua jina la chakula cha wazee wetu, wanaondoa kazi iliyokifanya kiwe hicho, halafu pengo wanaliziba kwa unga wa pakiti. Kinachoniudhi si kwamba wanapika vibaya. Ni kwamba binti aliyerithi daftari sahihi anakwenda kulisahihisha kwa maneno yao. Daftari la bibi yako halina kosa. Limeandikwa na mtu aliyedhani msomaji anajua makaa ya juu yanafanya nini, na hivyo hakulieleza.

Ukikutana na ushauri wowote wa namna hiyo, uliza mambo mawili kabla hujatia mkono: sababu yake ni nini, na mkate ulionekanaje ulipokatwa. Asiyejibu moja wapo, mpite.

Na kama hamu yako ni ya makaa yenyewe, ule moshi mdogo unaoingia juu, subiri ukienda Chake. Okeni uani, sufuria ya bati, mfuniko wa bati, makaa mafungu matatu juu kwa fungu moja chini, na mtoto asisogee.