Tiketi ya yuro 9 na hesabu ya mfukoni mwangu

Mkuu, umeuliza kama nauli ya treni za mjini ikishushwa hadi nusu, abiria si watafurika na mapato yapande? Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe Berlin, kiangazi cha 2022.

Nakaa Spandau, kazi yangu ni nyumba ya wazee karibu na Ostkreuz. Kila mwezi nilikuwa nakata tiketi ya yuro 86. Juni mwaka ule serikali ya Ujerumani ikatoa tiketi ya yuro 9 kwa mwezi, nchi nzima: treni za mjini na za mikoani, tramu, mabasi, ila si treni za mwendokasi. Ilidumu miezi mitatu, na zikauzwa tiketi kama milioni 52.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu. Zamu naingia saa 12 asubuhi, siku tano kwa wiki. Kwa yuro 86 nilikwenda, kwa yuro 9 nikaenda vilevile, sikuongeza hata safari moja ya kazini. Kwa hiyo mimi peke yangu nilipunguza mapato kwa yuro 77 kila mwezi. Kuziba pengo langu walihitajika watu tisa wapya kabisa. Jirani yangu wa chini, mzee wa pensheni, utasema ni mmoja wao. Hapana! Zamani alikuwa anakata tiketi za yuro 3 mara nne au tano kwa mwezi, kwa hiyo hata kwake walikula hasara.

Kujaa, treni zilijaa. Jumamosi moja ya Julai nilipanda na binti yangu treni ya Rostock, tunakwenda baharini. Yeye alikalia begi langu sakafuni, mimi nimesimama, mama mwenye kigari cha mtoto kakwama mlangoni, na wenye baiskeli wakaachwa stesheni. Wote wale ni watu wa matembezi. Jumatatu saa 11 alfajiri nikakuta sura zilezile za siku zote.

Pengo alilipa nani? Serikali kuu, yuro bilioni 2.5. Tiketi iliyofuata ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, ikawa 58 Januari 2025, kisha 63 Januari 2026, na bado serikali kuu na majimbo wanachangia bilioni 3 kwa mwaka. Mimi nalipa hiyo 63 na sijaacha treni, maana kazini lazima nifike.

Wataalamu wa usafiri wana kanuni ya zamani: nauli ikipanda asilimia 3, abiria hupungua kama asilimia 1. Igeuze uone: ukishusha asilimia 30 unapata abiria asilimia 10 zaidi, na mapato yanaporomoka kwa asilimia 23 hivi.

Sipingi nauli nafuu, zile yuro 231 nilizookoa zilimnunulia binti yangu viatu na koti la baridi. Ila ushushe panapo nafasi. Berlin ilikuwepo tiketi ya mwezi ya bei ya chini iliyoanza kutumika saa 4 asubuhi siku za kazi, wafanyakazi wakishafika. Kwa Dar au Nairobi ningeanzia hapo: mama anayekwenda sokoni saa 5, mabehewa yakiwa na viti vitupu, alipe nusu. Wa saa 12 alfajiri, aliyebanwa mlangoni, yeye mwongezee behewa kwanza.