Pa kuanzia na somo la programu kwa watoto wa shule ya msingi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mambo matatu: darasa la watoto arobaini lenye kompyuta kumi lianzie wapi, litumie lugha gani ya programu, na kama mwalimu ambaye hajawahi kuandika programu anaweza kulimudu somo hili. Nimelifundisha kwa miaka sita, kuanzia darasa la pili hadi la sita. Kwa kuwa mwaka wa kwanza nilikosea karibu kila kitu, nitaanza na kosa lililonifunza zaidi.

Mwaka huo niliandaa karatasi yenye hatua kumi na mbili, nikaigawa darasani na kuwataka wanafunzi wazifuate moja baada ya nyingine. Kila jozi ilimaliza, kila paka wa Scratch, programu ya watoto nitakayoieleza hapo chini, alitembea kwenye skrini, na mkuu wa shule alipopita aliondoka akitabasamu. Wiki iliyofuata nilichomoa bloki moja tu, yaani kipande kimoja cha agizo, katika kazi ya kila jozi kabla watoto hawajaingia, nikawaomba waitengeneze. Hakuna jozi hata moja iliyoweza. Walikuwa wamejifunza kunakili, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Tangu hapo nashikilia kwamba kiini cha somo hili kwa watoto wadogo ni kulitafuta kosa, na kila uamuzi mwingine, uwe wa vifaa au wa lugha, naupima kwa kujiuliza kama utampa mtoto nafasi ya kukosea, kuliona kosa lake na kulisahihisha kwa mkono wake.

Ukilitazama somo hivyo, uhaba wa kompyuta unapungua uzito. Wiki nne za mwanzo mimi siziwashi kabisa. Nachora sakafuni kwa chaki miraba mitano kwa mitano, mtoto mmoja anakuwa roboti, na mwenzake anamwandikia maagizo ya kumfikisha kwenye mraba uliotiwa alama, akitumia maneno matatu tu: mbele, kulia, kushoto. Roboti akishaanza kutembea, aliyeandika hana ruhusa ya kutamka lolote. Mambo huharibika mara moja. Roboti mmoja akisoma "kulia" hugeuka na kusimama palepale, mwingine hugeuka na kupiga hatua, wa tatu huenda ubavu bila kugeuka. Tena roboti anapokuwa ameelekea kwa mwandishi, kulia kwake ni kushoto kwa mwandishi, na hapo ugomvi wa kweli huzuka. Nakusihi usiuamue. Waache wabishane mpaka wao wenyewe wakubaliane kwamba kugeuka na kwenda ni maagizo mawili tofauti, na kwamba upande unaohesabika ni wa anayetembea. Nimemwona mtoto wa darasa la tatu akiinuka kwenye dawati, akaugeuza mwili wake kuelekea alikoelekea roboti, kisha akaketi na kufuta mstari mmoja tu wa karatasi yake. Huko ndiko kusahihisha programu.

Wazo hili lina umri mkubwa. Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon waliitunga lugha ya Logo mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, na baadaye ikapata kobe wake maarufu, roboti mdogo au alama ya kwenye skrini, anayechora mistari kadiri anavyoamriwa kwenda na kugeuka. Papert alisisitiza kwamba mtoto anaweza kumwelewa kobe kwa kujiweka mahali pake na kuutumia mwili wake mwenyewe. Mtaala wa Uingereza ulioanza kutumika Septemba 2014 nao unawataka watoto wa miaka mitano hadi saba waandike programu rahisi na kuzisahihisha, na pia wabashiri programu itafanya nini kabla ya kuiendesha. Hilo la kubashiri walimu wengi hulipita haraka, ilhali mimi naliona kuwa nusu ya somo.

Kuhusu lugha, tumia ya bloki, ambayo mtoto huunganisha vipande vya maagizo kwenye skrini badala ya kuyaandika kwa herufi. ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014, ilitengenezwa kwa watoto wa miaka mitano hadi saba na haihitaji mtoto awe amejua kusoma. Scratch yenyewe, ya mwaka 2007, inawafaa kuanzia miaka minane, inaweza kusakinishwa na kutumika bila intaneti, na maandishi ya bloki zake yanaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Wapo watakaokushauri uanze na Python, lugha inayoandikwa kwa herufi kwenye kibodi, kwa sababu ndiyo "ya kweli". Nilijaribu kwa muhula mmoja na darasa la tano. Watoto ambao bado wanaitafuta kila herufi kwenye kibodi walitumia kipindi kizima kusaka mabano waliyoyasahau, na kosa la namna hiyo halimfunzi mtoto wa umri huo kufikiri kwa mpangilio.

Kosa linalofunza ni kama hili. Baada ya kuchora mraba kwa kurudia mara nne agizo la kwenda mbele na kugeuka nyuzi 90, nawaomba wachore pembetatu yenye pande sawa. Karibu wote huandika nyuzi 60, kwa kuwa ndiyo pembe waliyoisoma katika hisabati, na mchoro hubaki wazi. Mwaka mmoja jozi moja iliongeza marudio kutoka matatu hadi sita ili "kuufunga", ikapata umbo la pande sita, na darasa zima likaacha kazi zake na kuja kutazama. Ilituchukua vipindi viwili kutambua kwamba anayechora hugeuka kwa pembe ya nje, yaani nyuzi 120, na kwamba 360 ikigawanywa kwa idadi ya pande hutoa jibu kila mara. Sikuwa nimepanga kufundisha hilo siku hiyo.

Kwa kompyuta zako kumi, watoto ishirini wakae wawili wawili, na ishirini waliobaki wapewe programu iliyochapwa kwenye karatasi waandike itafanya nini, kisha makundi yabadilishane katikati ya kipindi. Katika kila jozi mmoja ashike kipanya na mwingine aelekeze, wakipokezana kila baada ya dakika chache, na uwe mkali kwa hili, maana mtoto mwenye kompyuta nyumbani hukikamata kipanya na hakiachii. Sheria hiyo ikubane na wewe: usikishike kipanya cha mtoto hata kengele ikiwa imekaribia kulia. Muulize alitarajia nini na ameona nini, kisha nenda kwa jozi nyingine.

Ama kuhusu wewe mwenyewe kutojua, unaweza kufundisha. Fanya kila zoezi jioni ya kabla ya kipindi, liharibu kwa makusudi kwa namna tatu au nne, na uandike dalili ya kila uharibifu kwenye daftari lako, kwa kuwa nyingi ya dalili hizo utazikuta darasani asubuhi.