Hamira inakula nini?

SWALI: Nakanda unga wa maandazi kila alfajiri. Siku nikisahau sukari, unachelewa kuumuka. Hamira inakula sukari kweli?
Mama wa maandazi, Tanga

JIBU: Inakula, mama! Hamira ni viumbe hai; hata chembe moja ya hamira kavu ina seli nyingi mno. Seli huvunja glukosi, aina ya sukari, na nishati yake huiweka kwenye kemikali iitwayo ATP. Hiyo ndiyo hela ya matumizi ya kila seli, ya hamira na ya kwako.

Ndani ya donge oksijeni huisha upesi, basi hamira huchachusha, yaani huvunja glukosi bila oksijeni. Molekuli moja ya glukosi huipa molekuli 2 tu za ATP. Kinachobaki ni hewa ya ukaa, ile inayotunisha donge, pamoja na kileo kidogo kinachopotelea kwenye mafuta ya moto. Pasua donge lililoumuka utazame vile vitundu: ni pumzi za hamira. Mimi hadi leo huvistaajabia.

Mikono yako inayokanda inapata oksijeni, kwa hiyo mitokondria zake, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, huvuna ATP kama 30 kutoka glukosi ileile.

Ukisahau sukari, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, hugeuza wanga wa unga kuwa sukari, taratibu. Subiri tu. Ila maji yasiwe ya moto, utaiua hamira.