Mtaalamu wa afya ya akili anapouliza habari za usingizi, madeni na hedhi, anatafuta nini?

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema dada yako amekuwa mnyonge kwa miezi kadhaa, halali vizuri, chakula hakimpiti. Mkampeleka kwa mtaalamu ambaye mmesikia alianza kazi kama muuguzi wa wodi za kawaida. Kikao kizima akauliza usingizi, hedhi, madeni, ndoa na ibada, akaagiza vipimo vya damu, kisha akampa miadi ya wiki ijayo bila kuandika dawa. Wachangiaji wa juu wanakushauri utafute "daktari wa kweli". Mimi siungani nao. Kazi hiyo ndiyo yangu, na njia niliyopitia ni hiyohiyo.

Kabla ya kusomea afya ya akili nilikuwa muuguzi katika wodi ya magonjwa ya ndani. Huko unamwona mzee aliyelala akiwa na akili timamu akiamka usiku wa manane anaongea na watu wasiokuwepo. Ndugu wanaomba ahamishiwe kwa wagonjwa wa akili, kumbe ana maambukizi ya njia ya mkojo au maji yamempungukia mwilini. Kuchanganyikiwa kwa ghafla namna hiyo ni dharura ya mwili. Unamwona pia mgonjwa aliyeanzishiwa dozi kubwa ya dawa za steroidi, zile za kupunguza uvimbe na mzio, akikesha siku kadhaa, anapanga kufungua biashara tano kwa mpigo, mkali kwa kila anayempinga. Ukishayaona hayo kwa macho yako, huwezi tena kumtazama mtu anayelia ukafikiria kichwa chake peke yake.

Ndiyo maana ya vile vipimo vya damu. Tezi ya thairoidi, iliyoko shingoni, inapofanya kazi chini ya kiwango, mtu huchoka, hunenepa, husikia baridi wakati wenzake wanavuja jasho, ngozi hukauka, na moyo humwelemea vilevile kama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Nimewahi kumpokea mama aliyekuwa ameshakunywa dawa za sonona za aina mbalimbali bila nafuu ya maana. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, nikaagiza kipimo cha tezi. Alipopewa homoni iliyokuwa ikimpungukia, alianza kurudi taratibu katika hali yake. Upungufu wa damu na wa vitamini B12 nao hujificha hivyohivyo, na hedhi nzito ni njia mojawapo ya kupoteza damu bila kujitambua. Si kila sonona ina chanzo cha namna hii, na nyingi hazina, lakini usipopima hutajua.

Swali la usingizi ndilo ninalolipenda kuliko yote, na hapo mimi hukaa muda mrefu. Sitosheki na "halali vizuri". Anachelewa kupata usingizi, au anaamka alfajiri na kubaki na mawazo? Anakoroma hadi pumzi inakatika, kisha mchana anasinzia? Halafu namuuliza kama kuna kipindi maishani mwake alilala kidogo sana kwa siku mfululizo na bado akawa na nguvu tele, maneno yanamtoka mbio, fedha anazitumia ovyo. Jibu likiwa ndiyo, huenda mbele yangu yuko mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi kisha kuporomoka, na kumpa dawa ya sonona peke yake kunaweza kumrusha kwenye wazimu wa furaha na hasira. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hakumbuki kipindi hicho kama ugonjwa. Anakikumbuka kama wakati wake bora. Kwa hiyo mkuu, ukiruhusiwa na dada yako, ingia naye chumbani. Ndugu ndiye anayekumbuka.

Kuhusu madeni na ndoa, naelewa kwa nini mliona ni umbea. Lakini anayepigwa nyumbani, ukimpa dawa ukamrudisha kwenye kipigo bila kuuliza, hujamtibu. Na asiye na fedha ya kununua dawa mwezi wa pili ataiacha, kisha ataandikwa kuwa mgonjwa mkaidi. Ibada naiuliza kwa sababu huko mara nyingi ndiko waliko watu watakaomjulia hali, au ndiko anakoambiwa aache dawa.

Mtazamo huu haukuanzia mtaani. George Engel, daktari wa Marekani wa magonjwa ya ndani, aliandika katika jarida la Science mwaka 1977 akitaka tiba itazame mwili, nafsi na jamii ya mgonjwa kwa pamoja. Hata hivyo, niseme wazi jambo linaloniumiza: wapo wanaotumia maneno "kumtibu mtu kwa ukamilifu wake" kuuza virutubisho na kuwaambia wagonjwa watupe vidonge. Hao waepukeni. Ukamilifu wa mtu ni pamoja na ubongo wake, na mwenye skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au baipola kali kwa kawaida anahitaji dawa, tena kwa muda mrefu.

Na dawa zenyewe zinarudi kwenye mwili. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa magonjwa ya mwili yanayozuilika. Olanzapini, dawa ya skizofrenia na baipola, huongeza uzito na inaweza kupandisha sukari. Anayetumia litiamu, dawa ya baipola, lazima apimwe figo, tezi na kiwango cha dawa kwenye damu. Moshi wa sigara huufanya mwili uivunjevunje klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, haraka, hivyo mgonjwa akiacha kuvuta ghafla, kiwango cha dawa kinaweza kupanda hadi kumdhuru. Kwa hiyo hata swali la sigara ni swali la dozi.

Historia ya mtaalamu ina maana, ila mwulizeni mambo sahihi: amesomea afya ya akili wapi, ana leseni, anaruhusiwa kuandika dawa, na akikwama anampeleka mgonjwa kwa nani. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la mwisho ananitia hofu, awe daktari bingwa au muuguzi.

Wiki ijayo bebeni kila anachokunywa dada, hata mitishamba na vidonge vya uzazi wa mpango. Mtaalamu awaambie anadhani tatizo ni nini, vipimo vimeondoa nini, na nini kitafuata. Akiandika dawa ya sonona, mjue nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 6, na maudhi huweza kutangulia: kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi kuongezeka kidogo. Asiiache ghafla bila kumwambia aliyeiandika.

Ila msisubiri miadi akianza kusema anatamani kufa, akigawa vitu vyake, akisikia sauti zinazomwamuru, au akikataa kabisa kula na kunywa. Hapo asibaki peke yake, wekeni mbali dawa na vitu vya hatari, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.