Usilipakie hilo kabati kabla hujaziona ngazi za mteja

Mleta mada, simamisha gari. Kama dereva ameshafika getini mwambie asubiri, au aende zake arudi kesho. Umeuza kabati la mninga la milango mitatu kupitia Instagram, mteja anakaa Upanga, Dar, ghorofa ya tatu, mmekubaliana "usafiri bure, unalipa ukipokea". Unatuuliza ubebe kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mzigo, au kwa lori la Canter, kioo kifungwe na nini, na tangazo lijalo uliandikeje. Nimesoma maelezo yako yote nikitafuta ulipotaja upana wa ngazi. Rangi ya vanishi umeitaja, ngazi hakuna.

Niliuza kochi la L kwa makubaliano hayo hayo, neno kwa neno. Mteja alikuwa Kariakoo, ghorofa ya nne, jengo la zamani lisilo na lifti. Kwenye simu alisema ngazi ni pana tu, watu wanapandisha mafriji. Simlaumu mpaka leo. Mtu anayezipanda kila siku na mfuko wa nyanya mkononi lazima azione pana.

Ngazi zenyewe kweli hazikuwa na shida. Shida ilikuwa pale zinapopinda. Wapangaji walikuwa wameweka geti la nondo kwenye kona kwa kuogopa wezi, na likifunguka lilikuwa linaegemea ukutani na kula nafasi. Kipande kirefu cha kochi kilikuwa na sentimita 220, fremu moja ya mbao iliyopigwa misumari na kuvalishwa kitambaa, hakifunguki popote ukiacha miguu. Wabebaji wakakisimamisha, kikagonga zege la ngazi za juu. Wakakilaza, kikakwama kati ya ukuta na reli. Mmoja akasukuma kwa bega, bawaba ya geti ikaingia kwenye mkono wa kochi na kuchana kitambaa kuanzia mbele hadi nyuma, sponji ya njano ikatokeza. Mteja alikuwa amesimama juu yetu anaangalia. Akasema hapo hapo kwamba halitaki tena.

Na alikuwa na haki. Tuliandikiana "unalipa ukipokea", na hakupokea kitu.

Sasa fuatilia pesa zinavyotoka. Dereva anadai ya kuja, ya kusubiri na ya kurudi. Wabebaji wanadai ya kupandisha na ya kushusha, tena kushusha wanasema ndiko kugumu zaidi. Wote wamefanya kazi yao, huwezi kugombana na mtu. Mwenye mzigo ndiye analipa. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, mto Msimbazi umefurika na barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani. Kurudi Kimara ikabidi tuzungukie daraja la Selander, mvua ikatukuta njiani na turubai la dereva lina matundu. Sponji ikilowa inakudanganya: kitambaa kinakauka, ndani maji yamebaki, na muda si mrefu kochi linaanza kunuka. Kochi la shilingi 950,000 nikaliachia kwa 200,000, likaenda kwenye banda la kuonyeshea mpira. Nauli na wabebaji vilishakula sehemu kubwa ya hizo 200,000.

Aliyenifundisha maneno ya "usafiri bure" ni kijana niliyemlipa anitangazie biashara. Alisema watu wa Dar wakiona bure wanakimbilia, gharama nitaificha kwenye bei. Ya kwenda unaweza kuificha, sawa. Ya kurudi unaificha wapi? Yeye pesa yake aliichukua mapema, kabla kochi halijatoka hata nje ya karakana. Kinachonichoma ni kwamba ushauri huo bado unatembea, kila ukurasa mpya wa fanicha naukuta umebandikwa. Na wanaoumia ni vijana wenye mtaji wa kochi moja. Mbao na sponji za kochi linalofuata zimo ndani ya hilo lililoko kwenye gari. Likikwama kwenye ngazi za mtu, karakana imesimama.

Dereva naye aliniambia, "Bosi, hili linaingia tu." Dereva anajua barabara na anajua gari lake. Ngazi ambazo hajawahi kuziona asikujibie, hata akiongea kwa uhakika kiasi gani. Nauli yake ipo palepale, kochi liingie lisiingie.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote baadaye: mteja hajatuma video ya njia inayoonyesha vipimo kwa futi kamba, mzigo haupakiwi.

Video ianzie pale gari litakaposimama, ipite getini, mlango wa jengo, ngazi, kila kona ya ngazi, korido, mlango wa nyumba, mlango wa chumba, mpaka ukutani kabati litakapokaa. Kila panapobana aweke futi kamba namba zionekane. Mlango upimwe ukiwa wazi, ndani ya fremu, maana bawa la mlango nalo linakula sentimita zake. Kona ya ngazi ipimwe upana, kina, na urefu wa kwenda juu mpaka kwenye zege. Asiyekuwa na futi anunue au aazime kwa fundi nguo wa jirani. Mteja mwenye nia ya kweli hakasiriki ukimwomba, anafurahi kuona unajali kitu chake.

Wewe huku pima kabati likiwa tayari limezungushiwa maboksi, kwa sababu hivyo ndivyo litakavyopanda. Tuseme lina kimo cha sentimita 210, upana wa 180 na kina cha 60. Kwenye mlango wa 200 halipiti wima, litaingizwa kwa ubavu. Likishafika chumbani linalazwa chali ndipo linainuliwa, na wakati wa kuinuka kinachohesabika ni kutoka kona hadi kona, yaani kama 218 na nusu. Dari ikiwa chini ya hapo halisimami, na feni ya dari ikiwa juu yake mtaikuta. Watu wanapima kimo tu, wanaona 210 chini ya dari ya 215, wanasema limeingia.

Namba zikigoma, muulize fundi wako kama linafunguka. La boliti linapanda vipande vipande bila kelele. La gundi na misumari ukilibomoa hulirudishi lilivyokuwa. Kazi inayofuata ukienda Keko kwa mafundi wa fanicha, mwambie fundi mapema ubavu na mgongo viwe vya kufungua.

Na hayo "bure" yafute leo. Mwandikie mteja kwamba nauli ya gari na pesa ya wabebaji kwa ghorofa tatu anazituma kabla ya kupakia, na wewe uangalie salio, usiridhike na meseji aliyokuonyesha. Bei ya kabati inaweza kusubiri mpaka alione, hiyo sina shida nayo. Ila gari likiwasha injini liwe limeshalipiwa na mtu anayekaa juu ya hizo ngazi.

Kirikuu, bodi yake ni kama mita mbili tu, la 210 litaning'inia nyuma. Chukua Canter. Ya kioo wenzangu watakujibu.

Mpigie mteja sasa hivi umwombe hiyo video, kisha ulete hapa vipimo vya kabati na vya ile kona tuvipige hesabu pamoja. Nipo mtandaoni mpaka usiku.